Mkono wa Kushoto

Kila Jumapili baada ya kanisa, mwaka wa thelathini na nane,
meza yetu ya chakula pale Toledo haikuwa tena ya chakula.
Alvin alizianika kadi zake kama mpunga,
nami nikanywa supu nimesimama karibu na jiko.

"Andika," ananiambia,
maana taipureta ilikuwa yangu,
kitu pekee nilichokuja nacho kwenye ndoa,
na herufi moja ilikuwa inaruka.
Nikaandika zilizopungua:
namba kumi na nne, mrushaji wa Cleveland, wa mkono wa kushoto;
namba hamsini na moja, mdakaji mwenye pua iliyovunjika.
Nakala tatu kwa kaboni.
Vidole vyangu vilikuwa bluu hadi Jumatano.

Zilikuwa kadi za pakiti za sigara, za enzi za baba zetu,
wachezaji wa besiboli waliopakwa mashavu mekundu kama wanasesere,
na mgongoni tangazo la tumbaku isiyouzwa tena popote.
Alvin hakuvuta sigara maisha yake yote.
Mapafu yake yaliliwa na kiwanda cha vioo,
bure, bila pakiti.

Hapakuwa na bei. Hilo ndilo vijana hawanielewi.
Hapakuwa na kitabu cha kusema hii dola, hii senti.
Palikuwa na neno: tangulia kutuma, nitafuata.
Palikuwa na stempu ya senti tatu
na watu kumi na wawili, labda kumi na watatu, nchi nzima,
waliojuana kwa mwandiko
kama majirani wajuanavyo kwa kikohozi.
Wa Scranton aliahidi tano, akatuma nne.
Wa Omaha alikuwa daktari wa meno,
bahasha zake zikinuka karafuu.
Na E. Lindqvist wa Duluth,
huyo Alvin alimpenda kuliko nduguye wa damu.
"Bwana huyu muungwana. Hebu ona alivyofunga!"

Nikaona.
Makadibodi mawili, katikati kadi,
uzi wa kudarizi badala ya kamba,
fundo dogo mbali na pembe zisije zikaumia,
na kuzunguka vyote, karatasi laini ya kukatia nguo:
nukta za bega, tundu la kwapa, nusu ya kiuno.
Bwana huyu alikuwa na sindano.

Sikusema kitu.
Mwenye macho haambiwi tazama,
na Alvin macho alikuwa nayo,
ila ya kukagua mikunjo.

Januari, chini ya orodha, baada ya namba ya mwisho,
nikapiga mstari wangu mmoja:
*Gauni lile, ukimaliza kulikata, naomba mkono wa kushoto.
Ulionifikia umechanika.*

Wiki tatu. Theluji hadi dirishani.
Tarishi akapanda ngazi kwa ubavu, kama kaa.
Ndani: namba kumi na nne.
Alvin aliketi, akavua miwani, akaivaa tena,
hakusema neno mpaka chai ikapoa.
Mimi nikakunjua kifungio.
Mkono mzima, wa kushoto, bila tundu,
na kwa penseli, pembeni:
*Kadi zilikuwa za marehemu mume wangu.
Sasa ni zangu. Usimwambie wako.
Wakijua, huanza kunitumia mbovu.*

Sikumwambia.
Mwaka wa arobaini na moja alitaka kwenda Duluth
kumshika mkono yule bwana kabla hawajazeeka.
Nikamwambia nauli ni ghali.
Na kweli, nauli ilikuwa ghali.

Namba hamsini na moja hatukuipata.
Gauni ninalo bado;
bega moja limepanda kidogo kuliko jingine.